Kutoka kiolezo hadi namba: Boston hadi Chicago kwa barabara, tukizifuata mashine za CNC

Haya nimeyapanga baada ya kurudi nyumbani, kwa msaada wa daftari, risiti na picha za simu. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Chicago kwenye IMTS, maonyesho makubwa ya mashine za viwandani, Septemba 2024. Wenzangu wa karakana walinituma na swali moja: mashine ya kwanza ya CNC tununue ipi? Tiketi ya bei nafuu ilinishusha Boston, na karibu na Boston anaishi mpwa wangu mwenye gari na siku za likizo alizokuwa hajazitumia. Nikamwomba tusipande ndege nyingine, twende kwa barabara, tupite palipozaliwa mashine hizi.

"Mjomba, watu huchukua likizo kwenda kutazama lethi?"

"Wapo. Washa gari."

Kwa asiye wa kazi hii: lethi ni mashine ya kukereza, inayozungusha kipande huku kisu kikikikata. CNC ni mashine yoyote ya kukata au kuchonga ambayo mkono wa fundi umeondolewa kwenye gurudumu, na badala yake mota zinasogeza kifaa kwa kufuata namba kutoka kwenye kompyuta. Kinachokata kinaweza kuwa kisu, mwali wa leza, maji, cheche. Namba ndizo zinazozifanya ukoo mmoja, na namba hizo zina historia fupi kuliko watu wanavyodhani.

Jumanne, 3 Septemba. Cambridge, Massachusetts

Tulianza kwa miguu, maana kuegesha gari Cambridge ni adhabu. Massachusetts Avenue bado lipo jengo la matofali la Barta, ambamo chuo kikuu cha MIT kiliweka kompyuta yake ya Whirlwind. Mpita njia hana sababu ya kuliangalia mara mbili. Mimi nililipiga picha mpaka mlinzi akatoka kuuliza kama nimepotea. Nilipomweleza, alicheka, akanionyesha upande ambao mwanga ulikuwa mzuri zaidi.

Habari yenyewe ni hii. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, maabara ya MIT iliyoanzishwa na Gordon Brown mwaka 1940 ilishughulikia sevo: mota zinazojisahihisha zenyewe hadi zifike pale zilipoagizwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuelekeza mizinga. Vita vilipokwisha, watu wale wale wakaulizwa kama wanaweza kuelekeza kisu cha mashine. Septemba 1952 wakaionyesha hadharani mashine ya milingi (ambayo kisu ndicho kinachozunguka) ya Cincinnati Hydro-Tel yenye mihimili mitatu, yaani njia tatu za kusogea: kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Ilikuwa ikisoma namba kutoka kwenye tepu ya karatasi iliyotobolewa matundu. Makabati ya udhibiti yalijaa valvu za vakyumu na rilei.

Kutoboa tepu ndiko kulikowashinda. Kukokotoa kila nukta kwa mkono kulichukua muda mrefu kuliko kukata chuma chenyewe. Ndipo Douglas Ross na wenzake wakatunga APT, lugha ya kuiambia kompyuta umbo unalotaka, nayo ikakokotoa njia ya kisu. Mwaka 1959 waandishi wa habari walioalikwa kuiona waliondoka kila mmoja na kisahani cha majivu ya sigara, cha aluminiamu, kilichochongwa kwa mfumo huo. Mpwa wangu alisema hiyo ndiyo zawadi ya enzi zile hasa: teknolojia mpya kabisa kwa ajili ya tabia mbaya ya zamani.

*Kwa watakaofuata:* makumbusho ya MIT yapo Kendall Square tangu 2022, hatua chache kutoka kituo cha treni za chini. Acha gari mbali, panda laini nyekundu.

Jumatano, 4 Septemba. Springfield, kisha kaskazini

Barabara ya I-90 kwenda magharibi, saa moja na nusu. Springfield kuna ghala la silaha la zamani la serikali ambalo sasa ni makumbusho chini ya idara ya hifadhi za taifa, na kuingia ni bure. Watu wengi huenda kuangalia bunduki. Sisi tuliuliza moja kwa moja ilipo lethi ya Blanchard.

Thomas Blanchard alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa lethi hiyo mwaka 1819. Kitako cha bunduki si duara wala si mraba, kwa hiyo lethi ya kawaida haikikerezi. Yeye aliweka kitako kilichokwisha kutengenezwa upande mmoja na gogo upande mwingine, vyote vikizunguka pamoja. Gurudumu moja linapapasa kile cha mfano, na gurudumu lenye visu linafuata nyendo zake kwenye gogo. Fundi hahitaji kujua kuchonga kitako, anahitaji kuwa nacho kimoja kizuri.

Nilisimama pale muda mrefu, na nitaeleza kwa nini. Mashine hii tayari inajiongoza. Kinachokosekana ni namba tu. Umbo limehifadhiwa ndani ya kitu, na kitu huchakaa, hupasuka, huibwa. Ukitaka umbo jipya, lazima kwanza mtu alichonge kwa mkono. Kwa zaidi ya karne moja baadaye viwanda viliishi hivyo, kwa violezo vya mbao na bati, na stoo nzima za kuvitunzia.

Mlinzi mmoja wa makumbusho, mama wa makamo, aliona namna nilivyoinama akatuletea kiti. Mpwa ndiye aliyekikalia.

Jioni tulipanda I-91 kufuata mto Connecticut. Tulilala moteli ya dola 84 na kodi juu, yenye kitanda kizuri na mlango unaohitaji bega. Chakula cha usiku kilikuwa supu ya mahindi na jibini ya cheda ya Vermont, ambayo ni kali na inastahili sifa zake.

Alhamisi, 5 Septemba. Windsor, Vermont

Windsor ni mji mdogo sana. Barabara kuu moja, kijito, na kando ya kijito jengo refu la matofali la mwaka 1846. Hilo lilikuwa la Robbins na Lawrence, waliotengeneza bunduki ambazo vipande vyake vinabadilishana: kipande cha hii kinaingia kwenye ile bila kupigwa tupa. Mwaka 1851 walizipeleka kwenye maonyesho ya London. Waingereza walishangaa kiasi cha kuja wenyewe kukagua, na hatimaye kununua mashine za Kimarekani kwa ajili ya kiwanda chao cha Enfield. Leo jengo ni American Precision Museum.

Hapa kwa fundi ni kama duka la pipi kwa mtoto. Lethi, mashine za milingi, za kusaga, mikromita, geji za kila aina. Kusini kidogo ya Windsor ni Springfield nyingine, ya Vermont, na bonde lote hili lilijulikana kwa usahihi wa mashine zake. Mzee mmoja wa kujitolea alituwashia lethi ndogo inayoendeshwa kwa mkanda. Nilimwomba nishike gurudumu. Akanitazama mikono, akasema, "Wewe umeshika mengi." Baada ya hapo hakututenga na kamba tena.

Tulibishana kidogo kuhusu jambo moja, kwa heshima. Yeye alidai CNC imeua ustadi. Mimi naona ustadi umehama. Aliyekuwa akihisi kisu kwa kiganja sasa anahisi kabla ya kuanza: achague kasi gani, ashike kipande vipi kisitetemeke, aanze na upande upi ili chuma kisijikunje kikiachiliwa. Namba hazijui chuma kinavyojikunja. Hatukumaliza ubishi, lakini alitupa tufaha mbili kutoka kwenye mti wake.

Ukitoka makumbusho usikose daraja la mbao lenye paa, la mwaka 1866, linalokwenda Cornish upande wa New Hampshire. Juu ya mlango bado kuna onyo kwamba farasi watembezwe taratibu, la sivyo faini dola mbili. Mpwa alipunguza mwendo.

*Kwa watakaofuata:* makumbusho ya Windsor hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo hakikisha siku zake kabla ya kufunga safari. Treni ya Vermonter husimama Windsor, lakini bila gari hutafika Springfield ya Vermont kwa urahisi.

Ijumaa, 6 Septemba. Barabara tu

New York nzima kutoka mashariki hadi magharibi, kona ya Pennsylvania, halafu Ohio. Mvua, malori, kahawa mbaya. Ndiyo siku nzima.

Maelezo mawili lakini. Ukiangalia ramani utaona njia ya mkato kwenda Michigan inapita Kanada. Viza ya Marekani haikuingizi Kanada, na kama viza yako ni ya kuingia mara moja, unaweza kujikuta huna pa kurudi. Tulizunguka kusini mwa Ziwa Erie. Pili, barabara ya kulipia ya New York haipokei fedha taslimu tangu 2020: kamera husoma namba ya gari na ankara huja kwa posta. Ukikodi gari, uliza ofisi ya kukodisha inaongeza ada gani juu yake, maana ndiyo inayouma kuliko ushuru wenyewe.

Tulipita Cleveland usiku. Nilimwambia mpwa kwamba maonyesho tunayokwenda yalianzia mji huu mwaka 1927, na yakahamia Chicago 1947. Alikuwa anatafuta mahali pa kujaza mafuta. Tulilala karibu na Toledo, dola 72, na jirani wa chumba cha pili alikuwa na mbwa mwenye mengi ya kusema.

Jumamosi, 7 Septemba. Traverse City, Michigan

Zaidi ya saa nne kaskazini, mashamba yakageuka misitu, misitu ikageuka bustani za cheri. Traverse City ni mji wa watalii wa ziwani, na ni hapa ambapo kampuni ya John Parsons ilikuwa ikitengeneza mapanga ya helikopta.

Tatizo lake lilikuwa la umbo. Panga la helikopta lina mkunjo mpole unaobadilika, na violezo vya kuupimia vilichorwa kwa nukta chache, zilizobaki mtu akiziunganisha kwa jicho. Parsons na mhandisi wake Frank Stulen wakachukua mashine ya IBM ya kadi zilizotobolewa, iliyokuwa ya mahesabu ya ofisi, wakaikokotolesha nukta 200 za mkunjo mmoja. Kisha kazi ikafanywa hivi: mtu mmoja anasoma namba kwa sauti kutoka kwenye orodha, wa pili ameshika gurudumu la X, wa tatu la Y. Kila nukta kisu kinashuka, kinaondoka. Vijinundu vinavyobaki kati ya nukta na nukta vinasawazishwa kwa tupa.

Hebu fikiri sauti ya karakana ile. Mtu anaita namba siku nzima. Ukinielewa hapo, umeielewa CNC yote: anayeita, na wanaozungusha. Kilichofanyika baadaye ni kumweka mwingine mahali pa kila mmoja wao.

Parsons alikwenda kwa Jeshi la Anga la Marekani, akapata mkataba mwaka 1949, akaiomba MIT imsaidie upande wa sevo. MIT hawakuridhika na kisu kinachoruka nukta hadi nukta, walitaka kitembee mfululizo kwenye mihimili yote kwa pamoja. Walikuwa na hoja, lakini gharama zikapanda, na mwishowe jeshi likafanya kazi na MIT moja kwa moja huku Parsons akiachwa nje ya mradi aliouanzisha. Hataza yake na Stulen ilitoka 1958. Mwaka 1985 wote wawili walipewa nishani ya taifa ya teknolojia. Kwa maoni yangu nishani ilichelewa sana, ila walau iliwakuta hai.

Chuo cha Northwestern Michigan kina jengo la mafunzo ya ufundi, nje kidogo ya mji, lenye jina la Parsons-Stulen. Jumamosi lilikuwa kimya. Tulizunguka, tukapiga picha ya kibao, na tulipokuwa tunatoka nikasikia mlio ambao haufanani na mwingine, mvumo wa pampu yenye mkandamizo mkubwa. Karakana ndogo upande wa pili wa barabara ilikuwa imeacha mlango wazi. Nilibisha hodi.

Mwenyewe hakutuuliza tunanunua nini. Alitupa miwani ya kinga akatuingiza. Alikuwa anakata bamba la aluminiamu, unene wa milimita 50, kwa maji. Pampu inayakandamiza maji kufikia bari 4,000 hivi, yanapita kwenye tundu dogo la kito, kisha yanavuta mchanga wa ganeti. Kinachokata ni mchanga, maji ndiyo mwendo. Wazo la kukatia maji ni la zamani, Norman Franz alikuwa akilijaribu kwenye mbao miaka ya 1950. Lakini chuma hakikuwezekana hadi Mohamed Hashish, mhandisi mzaliwa wa Misri, alipofanikiwa kuchanganya mchanga kuelekea miaka ya 1980.

Kipande kilipodondoka, yule bwana alimwambia mpwa wangu akishike. Alisita. Kilikuwa baridi kabisa. Hilo ndilo linalolipiwa: hakuna joto, kwa hiyo chuma hakibadiliki ugumu ukingoni, hakijipindi. Na mashine hiyo hiyo kesho inakata kioo, marumaru au mpira. Ubaya wake aliusema mwenyewe bila kuulizwa: ni ya polepole, na ganeti inakula faida. Alitufungulia stoo tuone magunia.

Chakula: samaki mweupe wa ziwani, wa kukaanga, na pai ya cheri. Pai hiyo dola saba kipande, nami ningelipa kumi.

Jumapili, 8 Septemba. Ziwa Michigan

Usiku tuliteremka hadi Ludington ili tuwahi meli. S.S. Badger inavuka hadi Manitowoc, Wisconsin, maili 60, saa nne hivi. Ilianza kazi 1953 na bado inachoma makaa ya mawe. Huingizi gari mwenyewe: unaacha ufunguo, wafanyakazi wa meli wanaliendesha ndani. Mpwa alilitazama gari lake likiondoka kama mtu anayemsindikiza mtoto bweni. Tulichelewa kuondoka, magari ya kambi yalikuwa mengi.

*Kwa watakaofuata:* nauli ya abiria na ya gari hulipwa mbalimbali. Wisconsin iko nyuma ya Michigan kwa saa moja, kwa hiyo meli ya saa tatu asubuhi inatarajiwa kufika saa sita mchana, ingawa umekaa majini saa nne. Simu hazishiki katikati ya ziwa. Kuna mchezo wa bingo. Tulishinda kofia.

Kwenye sitaha nilikaa karibu na mzee aliyekuwa amevaa kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, nikajua ni wa chama chetu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya West Allis, jirani na Milwaukee, ambako kampuni ya Kearney na Trecker ilitoa mwaka 1958 mashine ya Milwaukee-Matic II, inayobadilisha visu yenyewe. Kabla yake, fundi alikuwa akisubiri kubadilisha kisu kila hatua. Baada yake, mashine moja ingetoboa, ingechonga, ingekata nyuzi, bila kipande kufunguliwa kutoka kwenye jiliwa. Huo ndio ukoo wa kile tunachokiita leo senta ya machining.

Alinieleza maisha ya tepu. Ya karatasi ilipenda kuchanika ikilowa mafuta, ndiyo maana programu zilizotumika sana ziliwekwa kwenye tepu ya plastiki. Ukikosea mstari mmoja, unatoboa tepu upya au unakata na kubandika. Vipande vidogo vya matundu viliingia kwenye viatu, vikaenda hadi nyumbani, mke akalalamika. Miaka ya 1970 kompyuta ndogo zilipoingia ndani ya mashine yenyewe, programu ikakaa kwenye kumbukumbu ikahaririwa pale pale, na herufi C ikaongezwa mbele ya NC.

"Mwanzoni nani alizitaka?" nilimuuliza.

"Hakuna," akasema. "Serikali ndiyo iliyozinunua." Na ni kweli: katikati ya miaka ya 1950 Jeshi la Anga liliagiza zaidi ya mashine mia moja, zikapelekwa kwenye viwanda vya ndege. Wenye karakana wa kawaida waliziogopa bei.

Alipogundua hatujui pa kuacha gari Milwaukee, alimpigia mwanawe meli ilipokaribia nchi kavu. Gari lilikaa uani kwa yule kijana wiki nzima, bure, na alikataa hata kofia yetu ya bingo.

Jumatatu hadi Jumatano, 9–11 Septemba. Chicago

Treni ya Hiawatha kutoka Milwaukee ni dakika tisini hivi. Hoteli za katikati ya jiji wakati wa IMTS hazisemeki, kwa hiyo tulipanga chumba Hyde Park, kusini, dola 95 kwa usiku. Laini ya umeme ya Metra inapita hapo na ina kituo ndani kabisa ya McCormick Place. Uliza kama treni yako inasimama, maana si zote. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea: ni majengo manne makubwa na waonyeshaji zaidi ya 1,700. Chakula cha ndani ni ghali na kimepoa, sisi tulibeba mkate na ndizi.

Nilianzia Jengo la Kusini, penye mashine za kuondoa chuma kwa kisu. Kila mtu amesimama mbele ya mashine za mihimili mitano, zinazoongeza kuinama na kuzunguka juu ya ile mitatu. Kipande cha aluminiamu kinainama na kuzunguka huku kisu kikikifuata, maranda yanaruka, baada ya dakika chache linatoka feni la tabo, la kusukumia hewa kwenye injini. Inavutia, sikatai. Lakini uliza mashine hiyo inafanya nini siku za kawaida, utaambiwa aghalabu inazungusha kipande, inakifunga, kisha inachonga kwa mihimili mitatu kama zamani. Faida yake kubwa kwa karakana nyingi ni kwamba kipande kinafungwa mara moja tu, kwa hiyo makosa ya kufunga upya hayapo. Muuzaji mmoja aliponiambia "bila mitano umebaki nyuma", nilimuuliza ni wateja wangapi wanahitaji mitano itembee kwa pamoja. Akanipa kalamu.

Lethi za Kiswisi zilinishika zaidi. Katika lethi ya kawaida baa nyembamba, yaani fimbo ya chuma, hukwepa kisu, inapinda. Hapa baa yenyewe ndiyo inayosukumwa mbele kupitia bushi, bomba fupi linaloishikilia, na kisu kinakata karibu kabisa na bushi, kwa hiyo haina nafasi ya kupinda. Zilibuniwa kwa ajili ya skrubu za saa. Leo zilikuwa zinatoa skrubu za mifupa za hospitali, moja baada ya nyingine, bila mtu karibu.

Kwenye leza, mashine zote zimefungwa ndani ya vyumba vyenye dirisha dogo la rangi. Zile za zamani za gesi ya kaboni dioksidi, aina aliyoibuni Kumar Patel mwaka 1964, mwali wake una urefu wa wimbi wa mikroni 10.6, na plastiki safi tu huuzuia. Leza za faiba, ambazo mwali wake huzalishwa ndani ya uzi wa kioo, ni mikroni moja hivi: mwali unapenya hadi kwenye retina ya jicho, ndiyo sababu ya kioo maalumu. Wimbi hilo fupi ndilo linaloziwezesha kukata shaba, ambayo huurudisha mwali wa zamani kama kioo. Niliona zenye zaidi ya kilowati 20. Swali la kumuuliza muuzaji halihusu kilowati, linahusu gesi: ukikata chuma cheusi kwa oksijeni, chuma chenyewe kinaungua na kusaidia kazi, ila ukingo unabaki na ngozi ya oksidi inayogomea rangi. Kwa naitrojeni ukingo ni mweupe, na bili ya gesi ni ndefu.

Plazma ilikuwa na watazamaji wachache, kwa sababu haina mbwembwe. Tao la umeme linabanwa kwenye nozeli, gesi inakuwa moto kuliko uso wa jua, chuma kinayeyuka na kupulizwa. Robert Gage wa kampuni ya Union Carbide alipata hataza yake 1957. Inakata kinachopitisha umeme tu, na ukingo una mteremko kidogo. Lakini kwa bamba nene la chuma, kwa fedha kidogo, sijaona mpinzani. Nilikaa hapo saa nzima, na fundi wa kampuni, kijana mpole, alinionyesha namna volti ya tao inavyotumika kujua urefu wa tochi kutoka kwenye bamba, na kuipandisha au kuishusha bamba likiwa limepinda.

Mashine za ruta, za mbao na plastiki, tulizipita haraka. Meza yenye vakyumu, spindeli (kichwa kinachozungusha kisu) inayokimbia mizunguko 18,000 au 24,000 kwa dakika, vumbi. Anayetengeneza makabati atazipenda.

Siku ya mwisho tuliiacha kwa cheche. Waya wa shaba ya njano, milimita 0.25, unapita ndani ya chuma kilichozama kwenye maji yaliyoondolewa madini, bila kukigusa. Kati ya waya na chuma zinaruka cheche, kila moja ikila punje. Boris na Natalya Lazarenko, Moscow, mwaka 1943, walikuwa wanachunguza namna cheche zinavyoharibu viungo vya swichi za umeme, wakaugeuza uharibifu kuwa kazi. Chuma kigumu, kabaidi, haidhuru, mradi kinapitisha umeme. Mpwa wangu, ambaye tangu Boston alikuwa akivumilia tu, alikaa mbele ya hii bila kutoa simu. Walikuwa wamekata vipande viwili vinavyoingiana. Ukivisukuma pamoja, mstari wa kati unapotea, huoni palipoungana. Alivitenganisha na kuviunganisha mpaka mwenye banda akamwambia anaweza kukaa.

Jambo moja niliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa. Kwenye leza, lethi, maji, cheche, nilikuwa nikichungulia skrini, na karibu kila mahali mistari ilikuwa ile ile: G00 nenda haraka, G01 kata mstari mnyoofu, G02 na G03 kata tao. Msimbo huo wa G ni wa miaka ya 1960. Kijana wetu akijifunza kwenye mashine moja, nusu ya somo la mashine nyingine ameshalijua. Nusu iliyobaki ni tabia ya kinachokata, na hiyo hajifunzi kwenye skrini.

Jumatano mchana nilirudi mabandani na maswali yetu ya kweli. Umeme wa fezi tatu au moja? Volti ikishuka ghafla, mashine inasimama salama au inavunja kisu? Hewa iliyokandamizwa kiasi gani? Betri ya kumbukumbu inapatikana wapi? Vipuri vinachukua wiki ngapi? Wauzaji wawili walijua majibu, watatu waliniahidi barua pepe, na hadi leo zimefika mbili.

Nilichowaandikia wenzangu usiku ule kutoka Hyde Park: tuanze na lethi ya mihimili miwili, kwa sababu kazi tunazozikataa kila wiki ni shafti na bushi. Ya pili iwe meza ya plazma. Bamba linalohitaji leza tulipeleke kwa mwenye leza, mpaka wingi wa kazi ulazimishe vinginevyo. Mihimili mitano tusiizungumzie kwa sasa.

*Kwa watakaofuata:* IMTS hufanyika miaka ya shufwa, ijayo ni Septemba 2026, hapo hapo McCormick Place. Miaka ya witiri ni zamu ya EMO, maonyesho kama haya huko Ulaya, mara nyingi Hannover. Anza maombi ya viza miezi mingi kabla, foleni ya usaili ndiyo sehemu ndefu kuliko zote za safari hii. Chukua kadi za biashara za kutosha, na begi tupu: katalogi za karatasi bado zipo, na ni nzito.